Anzia kwenye chupa ya mafuta, dada

Swali: Habari daktari. Nina miaka 38, naishi Umoja na mume wangu na watoto wawili. Nina kilo 86 na urefu wa sentimita 160. Kabla ya mtoto wa pili nilikuwa na kilo 68. Naamka saa kumi na nusu, saa kumi na mbili kasoro niko kwenye matatu, halafu nakaa mbele ya kompyuta mjini mpaka saa kumi na moja jioni. Asubuhi nakunywa chai na mandazi mawili. Mchana nakula kibandani, chapati mbili na ndengu au chipsi, na soda ya nusu lita. Jioni nikishuka steji nanunua smoki mbili, na saa tatu usiku tunakula ugali na sukuma. Chai nakunywa kama mara nne kwa siku, sukari vijiko vitatu. Januari niliingia jimu, nikatoka jasho wiki tatu, nikapungua kilo moja tu, nikaacha. Rafiki yangu akaniambia niache ugali, wali na chapati kabisa. Siku tisa nikapungua kilo mbili na nusu, na zote zikarudi wikendi moja. Sasa mwenzangu ofisini anauza chai ya kupunguza tumbo. Natumia sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Mama yangu ana sukari na presha, naogopa na mimi nitaishia huko. Nianzie wapi?

Jibu: Dada yangu, asante kwa kunipa siku yako yote, mpaka smoki za steji. Wengi huniandikia "nataka kupunguza mwili" basi, kisha wanangoja nipige ramli. Nikusahihishe jambo moja dogo: mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe. Kwa hiyo kuna mambo mawili hapa chini ambayo nitakutuma kwa wenye kazi yao.

Nianze na zile kilo mbili na nusu za siku tisa, maana naona ndizo zilizokuuma. Hayakuwa mafuta. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na maji kama gramu tatu. Ukiacha ugali, wali na chapati kwa mpigo, akiba inaliwa, maji yanaenda chooni, mizani inashuka na wewe unashangilia. Wikendi ukala kama watu, akiba ikajaa na maji yakarudi palepale yalipokuwa. Hukunenepa kilo mbili na nusu kwa siku mbili, kama vile hukuwa umezipunguza kwa siku tisa. Usijiite mtu asiye na msimamo kwa sababu ya maji.

Ya jimu nayo tuipigie hesabu, kwa sababu nadhani ulidhulumiwa na matarajio. Tuseme ulienda mara tatu kwa wiki, saa nzima kila mara, na kila mara ukachoma kalori 350. Wiki tatu ni kalori 3,150. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Kwa hiyo jasho lako lote lilikuwa na haki ya kutoa chini ya nusu kilo, na wewe ulitoa kilo nzima. Uliacha ukiwa unashinda. Laiti kuna mtu pale jimu angekaa na wewe dakika tano na karatasi, usingerudi nyumbani na huzuni hiyo.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane kabla ya mengine yote. Kinachoshusha mizani ni chakula. Mazoezi ndiyo yanayozuia isipande tena, na yana kazi nyingine nyingi ambazo mizani haizioni: kushusha presha, kuifanya insulini ya mwili ifanye kazi yake, kulinda misuli isiliwe pamoja na mafuta unapopungua. Ukiyabadilishia kazi, ukayapa mazoezi kazi ya chakula, utachoka bure. Mtu wa kilo zako akitembea haraka nusu saa anachoma takribani kalori 110 zaidi ya angekuwa amekaa. Andazi moja la kibandani, lile la pembe tatu lililojaa, linazifuta zote na chenji.

Sasa, ugali. Watu wa Nairobi tumeupa ugali kesi ambayo si yake. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 na kitu kule Vienna mwaka 2019 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, amekula ugali maisha yake yote. Najua utaniambia yeye wakati huo alikimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki na wewe hukimbilia matatu tu. Ni kweli, na ndiyo maana sikwambii ule kama yeye. Nakwambia tu kwamba unga uliopikwa kwa maji matupu sio uliokuongezea kilo 18. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii niligawa karatasi zilizoandikwa "epuka ugali", na chini yake orodha ya samoni, brokoli na vitu vingine vya sinema. Mama mmoja wa Kayole akaisoma kwa makini, akaikunja vizuri, akaniuliza, "Hii samoni inauzwa soko gani huku kwetu?" Sijaigawa tena karatasi ile.

Kilichonifungua macho kilikuwa jikoni. Kuna mteja aliyekataa katakata kwamba anakula vibaya. Usiku ni ugali na sukuma, hakuna nyama, hakuna starehe, na bado anaongezeka. Nikamwomba apike kama kila siku, ila mafuta ayamimine kwanza kwenye kikombe cha chai badala ya sufuriani. Akashika chupa, akainamisha kama alivyozoea, mkono ukajua wenyewe pa kuacha. Kisha tukayahamisha na kijiko cha mezani, kimoja kimoja, tukayarudisha sufuriani huku tukihesabu. Vijiko saba. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori kama 120, yawe ni ya alizeti, mahindi au yale ya kuganda, yote ni mamoja. Saba ni 840, ndani ya sukuma ya watu wanne. Alinitazama kama mtu aliyekutwa na noti bandia ambayo hakujua anayo.

Kwa hiyo unaniuliza uanzie wapi, nami najibu: anzia kwenye chupa ya mafuta. Wiki hii usibadilishe chakula chochote. Chukua chupa ya lita moja, na kama unanunua mafuta ya salad ya kupimiwa dukani jaza chupa hiyohiyo kila mara mpaka ifike lita. Bandika kipande cha selotepu, andika tarehe. Pika kama kawaida, ngoja iishe, uhesabu siku. Lita moja ina kalori kama 8,200. Ikiisha kwa siku tano katika nyumba ya watu wanne, kila mmoja amekula kama kalori 410 za mafuta kila siku, bila kuhesabu mandazi na chipsi za nje. Ukiinyoosha ikafika siku kumi, zinakuwa 205. Najua watoto hawali sawa na nyinyi, hii ni hesabu ya kukaribia tu. Lakini angalia: kalori 200 zimetoka kwenye siku yako na hakuna aliyeacha chakula, hakuna aliyelala njaa, na mume wako hajui kuna mtu nyumbani anapunguza mwili.

Usiinyooshe kwa siku moja, watoto watagoma. Tundika kijiko cha mezani kwenye msumari karibu na jiko, na kiwe ndicho njia pekee ya mafuta kufika sufuriani. Wiki ya kwanza vitano, ya pili vinne, mpaka ufike viwili kwa mboga ya watu wanne. Kitunguu hakihitaji kuogelea: kikianza kushika chini, nyunyiza maji vijiko viwili, funika, kitaiva na rangi yake. Nyanya mbili zilizoiva sana zitakufanyia kazi ambayo mafuta yalikuwa yanajifanya yanaifanya. Managu na terere ukichemsha ukamalizia na maziwa kidogo, hapo hata kijiko kimoja kinatosha. Kunde vivyo hivyo. Na sukuma, tafadhali, isikae motoni mpaka igeuke kahawia.

Chai sasa. Vijiko vitatu mara nne ni vijiko 12. Kijiko kidogo kilichosawazishwa kina sukari gramu 4, kwa hiyo uko kwenye gramu 48, na sidhani unakisawazisha. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayokula, na linasema ni vizuri zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda yako ya mchana, kama ni ya kola ya nusu lita, ina zaidi ya gramu 50 peke yake. Soda ndiyo kitu kimoja katika siku yako ambacho nakuomba ukiache, si kukipunguza. Iwe ya chama na harusi. Chai sikunyang'anyi. Toka vitatu uende viwili na nusu kwa wiki mbili, halafu viwili, halafu kimoja na nusu. Ulimi hujifunza polepole lakini hujifunza. Baada ya miezi miwili utaonja chai ya ofisini na kujiuliza nani ameimwagia asali.

Mchana wako una dawa rahisi. Paketi ya unga ya kilo 2 ikitoa chapati 25, kila chapati ina unga gramu 80, karibu kalori 290 kabla haijaguswa na mafuta. Ikishapakwa inapita 350 kwa urahisi. Mbili ni 700 na ndengu bado. Mwambie mama wa kibanda, "Niwekee chapati moja, ndengu bakuli mbili, na kabeji." Atakuangalia mara ya kwanza. Siku ya tatu atakupimia kabla hujafungua mdomo. Ndengu zina protini na nyuzinyuzi, zinakaa tumboni, na ndizo zitakazokufikisha jioni. Chipsi ziwe za Ijumaa, sahani ndogo, na kachumbari ijae. Githeri ni rafiki yako kama haijakaangwa upya, na kama ina maharagwe ya kutosha, si mahindi yaliyopitiwa na maharagwe.

Halafu kuna smoki. Sikulaumu hata kidogo. Unakula saa saba mchana, chakula kingine ni saa tatu usiku, hayo ni masaa nane, na katikati umesimama kwenye jamu ya Jogoo Road. Anayeshuka steji na njaa hiyo akapita toroli ya smoki bila kusimama simjui. Tatizo liko saa kumi ofisini, si saa moja na nusu steji. Saa kumi kula ndizi na kiganja kimoja cha njugu karanga. Kiganja, si paketi, maana njugu ni mafuta matupu yenye heshima. Na ukishuka bado njaa inauma, mwenye toroli ya smoki ndiye huyo huyo anayeuza mayai ya kuchemsha. Yai moja na kachumbari ni kalori chini ya 100, protini gramu 6, na bado umesimama palepale na wenzako ukipiga stori.

Usiku, sahani iwe hivi: nusu mboga, robo protini, robo ugali, na robo hiyo iwe kama ngumi yako, si ya mume wako. Naona kwenye orodha yako usiku hakuna protini kabisa. Ndiyo maana ugali unapanda, tumbo linatafuta kushiba kwa njia iliyopo. Omena, mayai mawili, maharagwe, ndengu zilizobaki jana, chochote kati ya hivyo. Kama sukuma ni kidogo, ongeza kabeji. Mboga ikiongezeka ugali unapungua wenyewe bila kuuambia.

Kwenye kutembea, nakutaka ufikie dakika 150 kwa wiki. Hicho ni kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kwa mazoezi ya wastani, nusu saa kwa siku tano. Wastani maana yake unatembea kwa kasi ambayo kuongea unaweza lakini kuimba huwezi. Ukiweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, ongeza mwendo.

Lakini kwa ratiba yako nusu saa itoke wapi? Uamke saa kumi kamili ukimbie barabarani gizani? Hapana, sitakushauri hivyo Umoja wala mtaa wowote. Itoke kwenye jamu. Unajua vizuri Landhies Road asubuhi: matatu inakwama, dereva anazima injini, makanga anagonga bati na kufungua mlango, na watu wanaanza kushuka mmoja mmoja wakinung'unika. Wewe usingoje kukwama. Shuka City Stadium (naam, jina lake sasa ni la Joe Kadenge, lakini makanga hajaambiwa) na utembee mpaka mjini. Ni nusu saa na kitu kwa mwendo wa mtu anayechelewa kidogo. Vaa raba, viatu vya ofisi viishi chini ya meza yako. Simu iwe ndani kabisa ya mkoba unapopita Muthurwa, na mkoba mbele. Anza mara mbili kwa wiki, mwezi unaofuata tatu. Mwezi wa Aprili mvua ikimwagika usijitese, panda ngazi za ofisi badala ya lifti, ghorofa tatu tatu, mara kadhaa kwa siku. Jumapili baada ya kanisa wapeleke watoto Uhuru Park au Arboretum mzunguke mkiongea. Karura ukipata nafasi, msitu ambao Wangari Maathai aliupigania mpaka akapigwa. Huko hata kilomita tano hupiti ukizihesabu.

Dakika kumi baada ya chakula cha mchana, kuzunguka jengo mara mbili, usizidharau. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu papo hapo, na kwako wewe mwenye mama mwenye kisukari hilo lina uzito kuliko kalori zake.

Siku mbili kwa wiki fanya ya nguvu. Mwanamke anayepungua kwa chakula peke yake hupoteza misuli pia, na misuli ndiyo inayokula kalori hata ukiwa umelala. Huhitaji chuma. Mtungi wa lita tano ukijaa maji ni kilo tano, na Nairobi hii hakuna nyumba isiyo na mitungi. Kaa kwenye kiti na usimame bila kushika kitu mara kumi, pumzika, rudia mara tatu. Sukuma ukuta kwa mikono miwili kama unayetaka kuuangusha, mara kumi. Inua mtungi kutoka sakafuni kwa magoti yaliyokunjwa, si kwa mgongo. Robo saa, huku ugali unaiva. Magoti yakilia, punguza kina cha kukaa, weka mto juu ya kiti.

Chai ya mwenzako: usinywe. Nyingi za aina hiyo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unaenda chooni mara tano, tumbo linalala, mizani inashuka kwa maji na kinyesi, na mafuta yako yapo yote, hayajasumbuliwa. Ukizoea, utumbo unaanza kuzembea bila yake. Na hiyo ndiyo iliyo na nafuu. Kuna bidhaa za kupunguza mwili zilizokutwa na sibutramini ndani yake, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na kwenye karatasi ya paketi haitajwi. Mtu mwenye presha katika ukoo hachezi na hiyo. Mwenzako yeyote anayemeza tembe za kupanga uzazi naye aambiwe: kuharisha sana kunaweza kuzifanya zisifanye kazi.

Sindano. Hapa ndipo pa kwanza ninapokutuma. Kwa baadhi ya wanawake sindano ya miezi mitatu huongeza uzito, kwa wengine haiwafanyi kitu. Angalia kadi yako ya kliniki: uliianza lini, na kilo zilianza kupanda lini? Tarehe zikikaribiana, mpelekee nesi wa uzazi wa mpango kadi hiyo muongee kuhusu njia nyingine, kwa mfano koili ya shaba ambayo haina homoni. Usiiache kabla ya kupata nyingine. Mimba usiyoipanga haijawahi kupunguza mwili wa mtu.

Pa pili ni vipimo, na hivi usivichelewe. Pima sukari asubuhi kabla ya kuweka kitu mdomoni. Ikisoma 7.0 au zaidi (kwa mashine inayopima kwa mmol/L), na ikarudia hivyo siku nyingine, hicho ni kisukari na unahitaji daktari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Pima presha pia, ukiwa umekaa na kutulia dakika tano, si umetoka kupanda ngazi. 140 kwa 90 na kuendelea, rudi upimwe tena. Na chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kiuno. Kwa mwanamke, ukipita sentimita 80 hatari imeanza kupanda. Kipimo kingine kinasema kiuno kisizidi nusu ya urefu, na kwako wewe wa sentimita 160 vipimo vyote viwili vimekutana kwenye 80 hiyohiyo, kwa hiyo huna pa kubishana. Ukikuta umeshaanza dawa za sukari au presha, mwambie daktari unabadilisha chakula kabla hujabadilisha. Dozi ya mtu wa kilo 86 inaweza kumwangusha wa 78.

Kuhusu hofu ya kuishia alipo mama, nikupe jambo moja la uhakika. Marekani walifuatilia watu zaidi ya 3,200 waliokuwa na sukari ya juu lakini bado si kisukari, matokeo yakatoka mwaka 2002. Kundi moja lilipewa metformini, dawa ya kisukari, jingine likaambiwa lipunguze asilimia 7 ya uzito na litembee dakika 150 kwa wiki. Miaka mitatu hivi baadaye, ukilinganisha na waliopewa tembe zisizo na dawa, kundi la metformini lilikuwa na visa vya kisukari pungufu kwa asilimia 31, na kundi la kutembea pungufu kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo 86 ni kilo 6. Kilo 6, dada, si 18. Ndiyo maana sikuandikii ratiba ya kurudi kwenye 68. Tafuta 80 kwanza, ujipe miezi sita, ukifika kaa hapo miezi miwili mitatu uone kama unaweza kuishi hivyo, ndipo tuongee kuhusu nyingine.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya choo kabla ya chai. Wiki ya hedhi mizani itakudanganya, ichukue lakini usiihukumu. Karibu na mwezi wa tatu utakwama. Karibu kila mtu hukwama, kwa sababu mwili mdogo unatumia kidogo, na pia kwa sababu mkono umeanza tena kuinamisha chupa bila kijiko. Rudi kwenye selotepu kwanza kabla hujaanza kujinyima.

Usingizi wako unanitia wasiwasi kuliko chapati. Ukilala saa tano na kuamka saa kumi na nusu, hayo ni masaa matano na nusu, na mwili uliolala kidogo huamka ukidai sukari. Siwezi kukuhamisha Umoja wala kuondoa jamu. Ila mboga inaweza kuoshwa na kukatwa Jumamosi, ndengu zikachemshwa za siku tatu na kugawanywa kwenye vibakuli, na mtoto mkubwa anaweza kuosha vyombo. Nusu saa tu ya kulala mapema tayari ni kitu.

Na jiandae kwa midomo. Ukifika kilo 81 jirani atakusimamisha ngazini na kukuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani uko sawa?" Shemeji atasema nyumba ya kaka yake imeanza kukosa chakula. Kwetu mwili bado ni ripoti ya benki, na hata hivyo ule utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu ulikuta mwanamke mmoja kati ya wanne ana uzito uliozidi mwaka 2008-09, na kufikia 2014 ni mmoja kati ya watatu. Huhitaji kumweleza mtu yeyote. Mwambie jirani uko sawa, umuulize habari za watoto.

Ukiniandikia tena usinianzie na kilo. Niambie chupa ilifika siku ya ngapi.